Maganda Matatu Begani

Simu ya msiba huwa naijua kabla sijaambiwa. Mtu akinipigia asubuhi mapema, akaanza na shikamoo bibi, umeamkaje, hali ya huko, na miguu je, akazunguka hivyo bila kufika, najua kuna mtu hayupo. Mwezi wa kumi na moja uliopita ilikuwa sauti ya msichana nisiyemfahamu. Akasema anaitwa Kalunde. Nikamkatiza, nikamwambia Kalunde mimi namfahamu, ni Mama Maganga wa Mtakuja, na wewe si yeye. Akacheka kidogo. "Mimi ni mjukuu wake, nimerithi jina. Bibi ametutoka jana alfajiri. Alisema uambiwe, na alisema uje, usitume rambirambi tu." Nimezika wengi katika miaka yangu sabini na kitu, nikadhani machozi yangu yameshakwisha, kumbe hayakuwa yamekwisha. Mwanangu alitaka kunikodia gari, nikakataa. Nilipanda basi la Sikonge na mkoba wenye nguo mbili, na njia nzima nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu kati ya miaka yangu yote, mwaka niliolala chumba cha pili nyumbani kwa mama yule, na jambo nililomfanyia.

Habari za kwetu Tabora mjini nitaziacha. Wanaonijua wanazijua, na wasionijua hawatapungukiwa na kitu. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, na miaka michache baada ya Azimio nilipata kazi ambayo hakuna msichana wa mtaani kwetu aliyewahi kuisikia: mpima maji. Nilipewa daftari lenye jalada gumu, kalamu mbili na buti za mpira zilizonizidi miguu, nikapandishwa kwenye lori la saruji. Tuliifuata njia ya zamani ya misafara, ile yenye miembe mikubwa iliyopangwa safu kama askari, kisha tukaiacha na kuingia porini hadi kijiji kipya kilichoitwa Mtakuja. Jina hilo watu walilipenda na walilitania. Waliohamia kwa hiari walisema "tulikuja," waliosukumwa walisema "tuliletwa," na jioni wote waliota moto mmoja. Mwaka uliotangulia kijiji kizima kilikuwa kimechimba lambo, yaani kimeuziba mto Kasenga kwa tuta la udongo na mawe ili maji yabaki wakati wa kiangazi. Katikati ya tuta palikuwa na lango la chuma lenye usukani wa kuzungusha na kufuli. Ndani ya maji kilisimama kipimo, ubao mweupe wenye mistari na namba. Kazi yangu ilikuwa kuisoma namba ile asubuhi na jioni na kuiandika. Basi. Mama yangu mzazi alipoelezwa aliuliza kama serikali haina macho ya kujisomea yenyewe.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya Mama Maganga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele ambalo alilitumia kupigia mluzi kuku na watoto. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, kigogo cha kukalia, na madebe manne ya asali ya mumewe, Baba Maganga, aliyekuwa mrina asali na aliyekaa wiki nyingi kwenye misitu ya upande wa Ipole. Ukuta wa matofali mabichi ulikomea usawa wa kichwa cha mtu mrefu, haukufika kwenye nyasi, kwa hiyo kila aliyekohoa alikohoa kwa nyumba nzima. Nguo zangu zilinuka asali na moshi wa tumbaku iliyoanikwa kwa jirani. Hadi leo nikifungua chupa ya asali ya porini, naiona miguu yangu ikining'inia kwenye kitanda kile, nami napata furaha isiyo na sababu. Mwanzoni chakula kilinishinda. Nilizoea wali na mchuzi wenye bizari, na pale nilikuta ugali wa mtama mweusi, mlenda unaovutika, na asubuhi matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu yaliyochemshwa, pamoja na karanga. "Kula, Mwarabu wangu," aliniambia, "halua ya huku hutafunwa." Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nagombea matobolwa na watoto wake, na yeye ananipiga mkono kwa mwiko kama anavyowapiga wao. Hapo nikajua nimekuwa wa nyumbani.

Sasa nieleze habari ya maganda, kwa sababu ndiyo yenyewe. Kerengende kila mtu anamjua, yule mdudu mrefu mwenye mabawa manne ya kung'aa, watoto humfukuza juu ya madimbwi. Wasichojua wengi wa mjini, na mimi sikujua, ni kwamba hazaliwi na mabawa. Miezi na miezi huishi chini ya maji, matopeni, mdudu mweusi mwenye sura mbaya, anakula vidudu wenzake. Wakati wake ukifika hupanda juu ya tete alfajiri, anajishika kwa kucha, mgongo unapasuka, na kerengende anatoka akiwa laini na mwepesi, anangoja jua limkaushe, anaruka. Ganda linabaki limeshika tete kwa kucha zake zote sita, na mpasuko mgongoni. Watu wa mto Kasenga walikuwa wameona, tangu kwa mababu zao, kwamba wadudu wale hupanda kwa wingi mto unapoanza kuvimba baada ya kiangazi, na mto huanza kuvimba kwa sababu mvua imekwisha kunyesha huko juu vilimani, ambako wao hawakuoni. Siku saba au nane baadaye, mvua inawafikia wao. Kwa hiyo hawakutazama mawingu. Walitazama matete. Na palikuwa na mwanamke mmoja mwenye kazi hiyo, aliyeirithi kwa shangazi yake, naye alikuwa Mama Maganga.

Hakutangaza kwa mdomo. Hilo ndilo lililonifurahisha. Mwezi wa kumi ukianza, alikuwa anashuka mtoni kila alfajiri. Siku akikuta maganda machache, alirudi mikono mitupu, akapika uji. Siku akiyakuta yamejaa kila tete, alichukua matatu, akayashikiza kwenye kanga begani, kwa kucha zake yenyewe, akapita kijijini kwenda kisimani taratibu, bila kusema neno, kama mtu anayekwenda harusini na hataki kuulizwa. Aliyemwona aliingia ndani na kutoka na jembe. Nilimwuliza kwa nini hasemi. Akanijibu, "Nikisema, watasema Mama Maganga kasema. Nikivaa, watasema mto umesema." Bwana shamba wa wilaya alikuwa na kalenda yake ya kupanda, yenye tarehe zilizopigwa mstari mwekundu. Mwenyekiti wa kijiji aliitundika ofisini kwa heshima zote, halafu akaendelea kutazama bega la Mama Maganga.

Katikati ya mwezi wa kumi Bwana Elias, msimamizi wa lambo, alishikwa na jino. Alikuwa Mmoraviani wa Sikonge, mtu mpole aliyeimba nyimbo za kanisani kwa pua akifanya kazi, mwoga wa wakubwa kuliko wa nyoka. Alikwenda Tabora kung'oa, akaniachia ufunguo wa lango na maneno mawili: "Usiguse, Zuwena." Siku ya pili wakanijia vijana waliokuwa wakifyatua matofali ya darasa jipya. Chini ya lambo mto ulikuwa umebaki vidimbwi viwili vya tope, na wanawake walikuwa wanawagombeza wasikoroge maji ya kunywa. "Dada Zuwena, tufungulie kidogo tu. Darasa ni la watoto wetu wote." Ningeweza kusema nilifanya kwa ajili ya darasa. Nimekuwa nikisema hivyo kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba walikuwa vijana saba wameniomba kwa adabu, wananiita mtaalamu, na mimi tangu kuzaliwa sikuwahi kuombwa kitu na mwanamume yeyote isipokuwa maji ya kunawa. Nikazungusha usukani mizunguko sita. Maji yalitoka kwa mvumo, ya baridi, yenye rangi ya chai, vijana wakapiga makofi, na mimi nikasimama juu ya tuta na buti zangu nikijiona malkia. Nililiacha wazi siku tatu. Kipimo kilishuka vidole vitano, na kwa siku zote tatu niliandika kwenye daftari namba ileile ya siku za nyuma, kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nikafunga, nikajiambia mvua itarudisha maji na hakuna atakayejua.

Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa nakunywa uji mlangoni, nikamwona Mama Maganga anapanda kutoka mtoni. Begani alikuwa na maganda matatu. Watoto walipiga vigelegele. Watu waliuliza, mapema hivi? Lakini bega lilikuwa linaonekana, na mwenyekiti mwenyewe alitoka ofisini akiwa amekunja mikono ya shati. Sikuunganisha mambo hata kidogo. Nilifurahi kuliko wao. Siku ile na kesho yake tulipanda shamba lote la kijiji, mahindi upande huu, mtama upande ule, safu ya wanawake na safu ya wanaume, na nyimbo za kutukanana kwa utani kati ya safu na safu. Nusu ya mbegu ya ghala ilikwenda. Mchana tulikula ugali shambani na maziwa ya mgando, mikono yetu ina udongo, na Mama Maganga akawaonyesha watu malengelenge ya viganja vyangu kama mtu anayeonyesha cheti. Jioni kikapita kimvua kimoja cha danganya toto, tukasema si mnaona? Mbegu zikaota. Halafu likaja jua. Jua la siku ishirini, mbingu nyeupe, hata upepo hakuna. Vimea vile vya kijani viligeuka njano, vikalala, na wiki ya tatu ulikuwa ukivigusa vinavunjika.

Nilijua lini? Nilijua siku niliyotumwa kwenye kipimo cha pili. Bwana Elias alikuwa amerudi, shavu limevimba, akaniambia niende juu ya lambo, pale mto unapoingilia, nikatazame kama kipimo cha huko kimeliwa na mchwa. Sikuwa nimefika huko tangu kiangazi kilipokaza. Ni mwendo wa saa nzima. Huko vidimbwi vilikuwa kama siku zote na matete yamesimama kuvizunguka, safi. Nilitazama tete moja, la pili, nikapita ukingo mzima. Hapakuwa na ganda hata moja. Nikapiga magoti, nikachota tope kwa kiganja, nikawaona, wadudu weusi, wanene, wako palepale chini wanangoja. Wa juu walikuwa hawajatoka, kwa sababu mto wao haukuvimba. Wa chini walitoka kwa sababu mimi niliwavimbishia. Walilihisi maji, wakafanya kama walivyofanya siku zote. Nilikaa kwenye jiwe na buti zangu. Daftari langu lilikuwa limedanganya, na wadudu wameandika kweli kwenye matete, na watu wote wameisoma ile kweli na wameangamia nayo.

Kijijini maneno yalikuwa yameanza. Kisimani wanawake waliacha kuongea Mama Maganga akifika, wakaanza kumsalimia kwa upole uliozidi, "Mwangaluka, Mama Maganga, mwangaluka," kama anasalimiwa mgonjwa. Wengine walisema macho yamemchoka. Mmoja alisema kanga yake ni mpya, alitaka tu kuionyesha. Bwana shamba alifika na baiskeli, akasimama mbele ya kalenda yake ofisini, akaifuatisha mistari myekundu kwa kidole. Ile nusu ya mbegu iliyobaki ndiyo iliyokuwa roho ya kijiji. Ikipandwa vibaya tena, ni njaa, na mkutano uliitishwa kuamua nani atasikilizwa safari hii. Alasiri moja, joto limelaza kila mtu, Baba Maganga amerudi kutoka Ipole na madebe yake, niliwasikia juu ya ukuta. Walisema Kinyamwezi, nami wakati ule nilikuwa nakielewa nusu na robo. Mama Maganga alikuwa anamwambia mumewe kwamba kwenye mkutano atasema yeye mwenyewe kwamba wasimsikilize tena. Kwamba shangazi yake hakukosea hata mara moja mpaka anakufa, na yeye amekosea, na hajui amekosea wapi. "Niliyaona, baba. Yalikuwa mengi. Sijui niliona nini." Nilisikia Baba Maganga anamsukumia kipande cha sega la asali, na nilisikia hakikuliwa.

Nilimkuta jikoni kesho yake, anachagua karanga kwenye ungo. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakanipotea. Nikasema, "Mama, mto haukuvimba wenyewe. Ni mimi nilifungua lango. Siku tatu. Na daftarini nikaandika uongo." Hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea kuchagua, nzima huku, mbovu kule. Kisha akauliza, "Mizunguko mingapi?" Nikasema sita. "Maji ya baridi?" Nikasema baridi, yametoka chini kabisa. "Na huko juu?" Nikamwambia matete safi, wadudu bado wamo topeni. Hapo akaweka ungo chini, akavuta pumzi ndefu kama mtu anayetua mzigo wa kuni, akasema polepole, "Kwa hiyo macho yangu mazima." Nilimwona anatabasamu na pengo lake. Halafu hasira ikampata, na mwiko ukaruka. Haukuwa wa kugombea matobolwa. Ulinipata kwenye bega. Alinitukana kwa Kinyamwezi maneno ambayo sikuwa nimefundishwa bado, akanitukana na buti zangu na serikali iliyonipa ufunguo, na alipochoka akaketi, akanivuta nikae kando yake. "Mimi sitakusemea," akasema. "Sitasema ni wewe, na sitasema si wewe. Mkutano ni kesho." Tukamalizia karanga pamoja.

Bwana Elias nilimwambia jioni ileile, wakati wa magharibi, kwa sababu ufunguo ulikuwa wake. Alifunika uso kwa mikono miwili. "Zuwena, wakiandika Tabora, tumekwisha wote. Mwache mama yule aseme amekosea. Yeye hafukuzwi kazi." Sikumlaumu, na sasa namlaumu kidogo tu. Alikuwa na watoto sita. Lakini kesho yake, watu wamekaa chini mbele ya ofisi, Mama Maganga akaombwa asimame. Alisimama, akafunga kanga yake vizuri, na kabla hajafungua mdomo mimi nilikuwa nimekwisha kusimama. Sijui nilisimamaje, nakumbuka buti moja ilikuwa imebana upindo wa gauni langu. Nikasema yote, mizunguko, siku tatu, daftari, makofi ya vijana. Nikasema Mama Maganga hakukosea, mto ndio uliokosewa. Halafu bibi mmoja kizee akaangua kicheko, akasema tangu azaliwe hajawahi kusikia mtu wa serikali anakiri, na kicheko kikaenea kama moto wa nyasi. Si wote waliocheka. Wapo waliodai nirudishwe Tabora kwa lori la siku ileile. Mwenyekiti alinyoosha mkono. Akaamua kwamba nitalima shamba la kijiji kama kila mtu mpaka mavuno, na kwamba kila alfajiri nitakwenda na Mama Maganga juu ya lambo, kwa miguu, bila buti. Bwana Elias alipiga mstari namba zangu za siku tatu kwa wino mwekundu akaandika za kweli kandoni. Barua ya onyo ilinifikia baadaye. Ninayo hadi leo, imekunjwa ndani ya Msahafu wangu.

Zile alfajiri ndizo ninazozikumbuka nikitaka kulala vizuri. Saa nzima ya kwenda, baridi ya umande miguuni, kwenzi kwenye miti, na Mama Maganga mbele anapiga mluzi kwa pengo. Alinifundisha kutofautisha ganda la jana na ganda la leo. La leo bado lina unyevu ndani ya mpasuko. Alinifundisha nisiguse kerengende anayejikausha, kwa sababu ukimgusa bawa linakunjamana na haruki tena. Tuliongea habari za wanaume, za Mungu wake na wangu, za kwa nini mjini tunaweka sukari kwenye kila kitu. Siku kumi na moja hatukupata kitu, na kila tuliporudi macho ya kijiji yalikwenda kwanza kwenye bega lake. Bwana shamba alikuwa amekwisha kuwashawishi wengi wapande Jumatatu. Jumamosi, kabla hatujauona mto, tukasikia maji yanatembea. Matete yalikuwa yamefunikwa. Maganda juu ya maganda, mengine yamepanda mgongoni mwa wenzake, na kerengende wachanga kwa mamia wanatetemesha mabawa kwenye jua la kwanza. Mama Maganga alikaa chini akalia, akanikumbatia nikiwa nimelowa hadi kiunoni. Alivaa matatu, tukarudi. Tulipanda Jumamosi hiyo na Jumapili baada ya misa, na mvua ikaja Jumamosi iliyofuata, mchana, kubwa, ya kulowesha nyasi za paa mpaka ndani. Mwaka ule hatukuvuna sana, lakini tulivuna.

Nilifanya kazi ya maji miaka thelathini baada ya hapo, mito mingi, malango mengi. Nimeona mambo yaleyale kila mahali. Lango la Mtakuja lenyewe lilianza kuvuja baadaye, na maji yakawa yanapita chini kidogo kidogo mwaka mzima, na kerengende wa chini ya lambo wakapoteza msimu. Wakawa wanatoka wawili leo, watano mwezi ujao, hata katikati ya kiangazi. Samaki walioishi kwa kuwala walipungua, na ndege waliokuja kwa wingi kwa wiki ile moja wakaacha kuja. Lambo lilitupa maji ya kunywa na darasa na mboga, sitalisema vibaya. Lakini tangu mwaka ule, kabla sijazungusha usukani wowote, niliuliza kwanza ni nani huko chini anausoma mto huu. Wakubwa wangu walinicheka. Wachache walijifunza kuuliza.

Basi lilinishusha njia panda, nikafika Mtakuja jua limepinda. Mama Maganga alikuwa amekwisha kuzikwa. Mjukuu wake Kalunde, msichana wa miaka ishirini na kitu, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alinipa kiti, uji na matobolwa, akanitazama ninavyoyatafuna, akasema, "Kweli ni wewe." Alfajiri akaniamsha twende mtoni. Alinishika mkono, tukapita kando ya lambo lililojaa magugu, tukaendelea juu. Nikamwuliza, nikijifanya sijui, kwa nini hatutazami hapa chini, karibu. "Hapa chini hatutazami kamwe. Bibi alituhadithia. Zamani lango lilifunguliwa kiangazi, watu wakapanda bure, yeye akaonekana mwongo. Ndipo binti mmoja wa mjini akasimama mkutanoni akasema kweli." Nikauliza nani alifungua lango. "Hilo bibi hakutuambia. Mara zote alianzia kwenye kusimama." Miaka yote ile nilikuwa nimebeba mizunguko sita, na yeye alikuwa ameiacha palepale jikoni, kwenye ungo wa karanga. Nikamwambia, "Kalunde, aliyefungua ni mimi." "Basi ndiyo maana alianzia hapo," akasema.

Matete ya huko juu yalikuwa yamejaa. Kalunde alichagua matatu yenye unyevu, lakini hakuyavaa. "Mimi nina msiba, aliyefiwa hapambi bega. Bibi alijua angeondoka wakati kama huu. Ndiyo maana akasema uje." Akanishikizia mwenyewe kwenye kanga, moja, la pili, la tatu, nikasikia kucha zinakamata nguo. Tulirudi taratibu, kwa ajili ya magoti yangu. Mbele ya nyumba ya msiba watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka na vikombe vya chai, wengi wao hawajawahi kuniona. Nilipita katikati yao kuelekea kisimani, sikusema neno. Mzee mmoja aliinua macho, akanitazama begani, akaweka kikombe chini. Nyuma yangu nikasikia mlango, na mlango mwingine, na majembe yanatolewa ndani.